Mihogo ya Kikwetu: Utoto wa George Lilanga Katika Picha Zake

Zipo picha ambazo Mkristo akizitazama kwa mara ya kwanza hukunja uso, na picha za George Lilanga ni miongoni mwa hizo. Viumbe wake wametoa macho, masikio yamening'inia kama majani ya mgomba, midomo imetokeza mbele, matumbo yamefura, miguu imepinda, na vidole havitimii vitano. Ngozi zao zina madoadoa, huyu wa kijani, yule wa manjano, mwingine wa buluu. Ukiuliza hawa ni akina nani, utajibiwa bila kificho kwamba ni mashetani. Muumini aliyemkana Shetani siku ya ubatizo wake anarudi nyuma hatua moja, na ana haki ya kuuliza: picha ya namna hii inatufaa nini sisi?

Swali hilo ni la kweli na halistahili kujibiwa kwa kumcheka aliyeuliza. Katika makala haya nataka kulijibu kwa kupita njia ndefu kidogo, njia ya utoto wa mchoraji mwenyewe. Naamini kwamba mtu hawezi kuzielewa picha hizi asipojua mikono iliyozichora ilianza kushika nini, na macho yaliyoziona yalianza kuona nini. Pia naamini kwamba jambo hili linatuhusu sisi wazazi, walimu wa Shule ya Jumapili na wazee wa kanisa wa pwani ya Lindi na Kilwa, kwa sababu Lilanga ni mtoto wa kwetu.

Mtoto wa mkonge

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 huko Kikwetu. Leo wengi wetu tunalijua jina la Kikwetu kwa sababu ya kiwanja cha ndege cha Lindi, lakini siku zile Kikwetu ilikuwa mashamba ya mkonge. Watu walikuja kutoka mbali kufanya kazi hiyo. Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja kuwa manamba katika mashamba ya pwani yetu, na baba yake Lilanga alikuwa mmoja wa wale waliokula jasho lao kwa mkonge. Maisha ya kambi ya manamba yanajulikana: watu wengi mahali padogo, lugha nyingi, jikoni pamoja, ugomvi pamoja, na ngoma pamoja siku ya mapumziko.

Lilanga alikuwa Mmakonde, na kwa Wamakonde kuchonga ni jambo ambalo mtoto wa kiume hulikuta nyumbani, kama vile mtoto wa mvuvi wa Kilwa anavyoikuta nyavu imeanikwa uani. Wanaosimulia maisha yake wanasema hakuanza na mpingo. Alianza na mihogo. Baadaye akapewa mti laini, na mwisho ndipo akafika kwenye mpingo, mti mgumu unaomshinda mwenye pupa.

Tusilipite jambo hili haraka, maana naliona kuwa ufunguo wa kazi yake yote. Muhogo ni mwalimu mpole. Kisu kinaingia bila kusukumwa, na ukikosea hakuna hasara, unachukua mwingine. Lakini muhogo hauvumilii mambo madogomadogo. Huwezi kuchonga kope wala kucha katika muhogo, zitamomonyoka. Utachonga jicho kubwa, mdomo mkubwa, sikio kubwa. Tena muhogo una umbo lake kabla hujaugusa: umenenepa katikati, umekonda ncha zote mbili, na umepinda kufuata udongo ulikopita. Mtoto mwenye akili halazimishi umbo hilo. Anauzungusha mkononi mpaka amwone mtu aliyejificha ndani yake, kisha anamsaidia atoke.

Sasa rudi kwenye picha za mzee aliyekwisha kuitwa Ulaya na Marekani. Matumbo yale yaliyofura, mapaja yanayonenepa na kukonda ghafla, migongo iliyopinda, macho na masikio makubwa kuliko kawaida: hayo ni maumbo ya mihogo. Wataalamu hutafuta chanzo cha mtindo wake katika mambo mazito, nami sibishani nao. Kwa macho yangu, hata hivyo, mkono ule haukusahau kamwe somo lake la kwanza. Alipokuja kupewa karatasi, kalamu, nta ya batiki na rangi za kung'aa, alichora kwa mkato uleule wa kisu cha mtoto: mstari mmoja mrefu wa mviringo, usio na woga na usiorudiwa.

Muhogo una somo jingine pia. Haudumu. Ulichochonga leo, baada ya siku chache kimenyauka au kimeoza. Mtoto aliyechonga mihogo mia anajifunza mapema kwamba kilicho chake hasa ni mkono unaojua kuchonga, na kwamba vitu vyenyewe havikai. Labda ndiyo maana Lilanga hakuogopa kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine katika umri ambao wengi wetu tumekwisha kukaa mahali pamoja: mti, ngozi, kitambaa, chuma, karatasi, hadibodi, turubai.

Hofu iliyogeuka kicheko

Somo la pili la utoto wake lilitoka katika ngoma. Wamakonde wana mapiko, ngoma ya vinyago inayochezwa hasa wakati vijana wanapotoka jandoni na unyagoni. Mchezaji huvaa kichwani kinyago cha mti mwepesi, mwili wote umefunikwa, naye huja kwa kishindo cha ngoma kama mtu asiyekuwa wa dunia hii. Watoto hukimbia wakipiga mayowe. Kisha hurudi, wakachungulia, wakakimbia tena, na mwisho wanacheka. Kila aliyekulia karibu na ngoma za vinyago anaijua hali hiyo ya kuogopa na kucheka kwa pumzi moja.

Vinyago hivyo vina nyuso zilizochanjwa, na vingine vina mdomo uliotokeza kwa ndonya, pambo ambalo wanawake wa Kimakonde walilivaa kwenye mdomo wa juu. Mtoto aliyezoea kuona nyuso hizo hawezi kuuona mdomo uliotokeza kuwa kasoro. Kwake ni uso wa bibi. Hivyo midomo ile inayotushtua katika picha za Lilanga, kwa mtoto wa Kikwetu ilikuwa sehemu ya sura ya watu aliowapenda.

Nadhani hapa ndipo ilipo siri ya kicheko chake. Viumbe wake wanatisha kwa sekunde moja tu. Ukisimama kidogo unawaona wanacheza ngoma, wanapika, wanabebana, wanagombana, wanasengenyana, mmoja amevaa nguo ya maua, mwingine anamvuta mwenzake sikio. Hofu imekuja kwa kishindo, halafu imevuliwa kinyago, na chini yake tumekuta jirani.

Neno moja, maana mbili

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Tunaposema Shetani kanisani, tunamtaja adui wa Mungu na wa wanadamu. Hilo ni fundisho la imani, halina mchezo. Lakini katika karakana za wachongaji wa Kimakonde neno hilohilo limefanya kazi nyingine. Wamakonde walikuwa na visa vya viumbe vya porini, kama yule waliyemwita nandenga, vyenye viungo vilivyozidi au kupungua, ambavyo mara humdhuru mtu, mara humchezea tu. Katika miaka ya 1950, jijini Dar es Salaam, mchongaji Samaki Likankoa alianza kuchonga viumbe vya namna hiyo katika mpingo, na mtindo huo ukaitwa kwa Kiswahili mtindo wa shetani. Jina likashika. Wanunuzi walilipenda, wachongaji wakalizoea, na hakuna aliyekaa chini kuuliza kama neno la mimbarani na neno la karakana lina maana moja.

Huo ndio mtindo ambao Lilanga aliukuta na kuufanya wake. Kwa hiyo anayesema kwamba mzee huyu alichora adui wa Mungu ili amtukuze, amechanganya maneno mawili yanayofanana kwa sauti.

Hata hivyo sitaki kulimaliza jambo hili kwa kamusi peke yake. Ndugu yetu anayekunja uso ana sababu nyingine, nayo ni nzito. Katika vijiji vyetu watu wameumizwa kwa hofu ya majini na pepo. Wapo waliouza mbuzi wa mwisho ili kumlipa mganga, na wapo wazee waliofukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi. Mtu aliyetoka katika hofu hiyo kwa neema ya Kristo hana hamu ya kuitundika tena ukutani, na sisi hatuna ruhusa ya kumwita mshamba. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu, alijua kwamba sanamu si kitu, na bado akataka mwenye nguvu amwangalie ndugu yake mwenye dhamiri nyepesi.

Ninachoomba ni kwamba tuitazame picha kabla ya kuihukumu, na tuiulize maswali mawili. La kwanza: je, inaomba kuabudiwa? Amri katika kitabu cha Kutoka inakataza kujifanyia sanamu ili kuisujudia, lakini katika kitabu hichohicho Mungu anamwita Besaleli kwa jina, anamjaza Roho, na kumpa ustadi wa kuchonga mti na kukata vito. Hakuna mtu anayeweza kupiga magoti mbele ya viumbe wa Lilanga. Hawakupi nafasi, wanakuchekesha. La pili: je, inazidisha hofu au inaipunguza? Hofu ya pepo huishi gizani, katika mambo yasiyosemwa. Lilanga alilichukua jambo hilo la gizani akalipaka manjano na waridi, akalivika nguo ya maua na kulipa sufuria likapike. Kuna namna ya kumshinda anayetisha kwa kumwonyesha kwamba hana la kutisha. Sisemi kwamba picha inaokoa. Nasema kwamba picha hizi, zikisomwa vizuri, ziko upande wa wasioogopa.

Sista na mlinzi wa usiku

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga alihamia Dar es Salaam kutafuta soko la vinyago vyake. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, mtawa wa Kikatoliki wa shirika la Maryknoll, alikuwa ameanzisha Nyumba ya Sanaa, mahali ambapo vijana wenye kipaji na wasio na ajira walipewa vifaa, mafunzo na soko. Augustino Malaba, ndugu wa Lilanga aliyekuwa akifanya kazi hapo, alimsaidia kupata kazi. Hakupata kazi ya usanii, bali ya ulinzi wa usiku.

Mlinzi yule alikuwa na vinyago vyake, navyo vilionekana. Akapewa nafasi ndani. Akajifunza kuchora, kutengeneza batiki, kuchora kwenye ngozi ya mbuzi, kufanya kazi ya chuma, kuchapa picha kutoka kwenye bamba. Mwaka 1978 kazi zake nyingi zilikuwamo katika maonyesho ya sanaa ya Afrika huko Washington, Marekani, na tangu hapo jina lake halikurudi nyuma.

Naomba msomaji aangalie kitu ambacho Nyumba ya Sanaa haikufanya. Haikumwambia aiache Kikwetu nje ya geti. Mahali palipoanzishwa na mtawa pangeweza kumtaka achonge Bikira Maria na mitume tu, ili aonekane amestaarabika. Badala yake alipewa vifaa vipya kwa mkono wake wa zamani. Alipopewa karatasi, watu wa mihogo wakahamia kwenye karatasi. Alipopewa chuma, wakahamia kwenye chuma, na wengine wakakaa katika mageti na vizuizi vya nyumba yenyewe.

Jambo hili lina historia katika sehemu zetu. Huko Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Anglikana tangu 1926 hadi 1944, alijiuliza swali la namna hiyohiyo kuhusu jando. Wamisionari wengine walisema mila hiyo ifutwe. Yeye alisema isafishwe, ibakie na umbo lake na kuingizwa sala na mafundisho ya Kikristo. Alipingwa na Wazungu walioona amelegeza mno, na wapo wazee waliosema si jando tena. Utekelezaji wake ulikuwa na matatizo. Lakini swali lake lilikuwa sahihi: mtoto anapokuja kwa Kristo, anakuja na nini mikononi? Na sisi tunaompokea, tunamwambia akitupe au akilete?

Kwa nini hawako peke yao

Kuna alama moja katika picha za Lilanga ambayo sijaitaja, nayo ni msongamano. Viumbe wake hawako peke yao karibu kamwe. Wanajaza ubao kutoka pembe hadi pembe, mguu wa huyu umepita juu ya bega la yule, na pale penye nafasi ya kidole limewekwa doa au jani.

Ili kuliona hili vizuri tumlinganishe na mwenzake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, naye ni mtoto wa Kusini. Naye aliingia katika kazi ya mkonge, huko Tanga, kabla ya kufika Dar es Salaam. Karibu mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli, na alifariki mwaka 1972, amepigwa risasi na polisi kwa makosa. Wanaume hao wawili wamepishana miaka miwili tu, wametoka Kusini, wamepita kwenye mkonge, wakaishia jiji moja. Lakini katika picha za Tingatinga mwenyewe mara nyingi mnyama mmoja amesimama katikati, chui au ndege, na nyuma yake rangi moja tupu. Ni jicho la mtu aliyetazama mnyama kwa mbali akiwa amenyamaza. Jicho la Lilanga ni la mtu aliyekulia katikati ya watu.

Naliunganisha jambo hili na kambi ya manamba, na pia na kisa cha kale cha Wamakonde. Karl Weule, Mjerumani aliyetua Lindi mwaka 1906 na kupanda hadi uwanda wa Makonde, alikiandika. Hapo mwanzo, kinasema kisa, palikuwa na kiumbe mmoja tu, akiishi peke yake. Akachukua gogo, akachonga sanamu ya mtu, akaisimamisha. Usiku ule sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke, na hao wawili wakawa wazazi wa kabila. Msomaji wa Mwanzo sura ya pili atatambua jambo la kwao: si vema mtu akae peke yake. Tofauti ni kubwa, maana kwetu mwumbaji ni Mungu, wala si mwanadamu mwenye kisu. Lakini fikiria mtoto anayekua katika kabila linaloamini kwamba kazi ya kwanza ya kuchonga ilikuwa kumtoa mtu katika upweke. Sidhani kama tunapaswa kushangaa kwamba kila ubao wa Lilanga umejaa wenzake.

Hapa ni lazima niweke mpaka wa hoja yangu. Utoto haufanyi kila kitu. Watoto wengi wa Kikwetu walichonga mihogo, na wengi walikimbia mapiko, lakini Lilanga ni mmoja. Kipaji, bidii, bahati ya kukutana na mlango uliofunguliwa, na miaka mingi ya kazi vilihitajika. Utoto ulimpa mbegu na udongo. Nani ataota na nani hataota, hilo liko mikononi mwa Mwenye shamba.

Kilichopungua

Uhakiki unaosifu tu si uhakiki, kwa hiyo niseme pia kisichonifurahisha. Wanunuzi walipoongezeka, picha ziliongezeka, na si zote zina uzito sawa. Katika miaka ya mwisho kisukari kilimsumbua sana, akakatwa miguu, akaendelea kufanya kazi akisaidiwa na vijana katika karakana yake hadi alipofariki Juni 2005. Ujasiri huo unastahili heshima. Lakini picha kadhaa za kipindi hicho, na nyingi zilizochorwa na waigaji baada yake, zina masikio na matumbo yote, zina madoadoa yote, ila mstari umelala. Rangi zinang'aa kuliko zamani na viumbe wamekuwa mapambo.

Sababu yake inaonekana. Mkono ulioiga picha umejifunza kutoka kwenye picha. Mkono wa Lilanga ulijifunza kutoka kwenye muhogo, mpingo na ngoma, na picha ilikuja mwisho. Anayeiga anapata umbo bila kilicholizaa. Nasi wa kanisani tunalijua tatizo hili, maana mtoto anaweza kurithi kutoka kwetu maneno yote ya sala na namna yote ya kufumba macho, bila kurithi haja iliyotufanya tuombe.

Wachungaji, wafugaji na kombeo

Maandiko hayaudharau utoto wa mtu. Daudi alipoingia kupigana na Goliathi, mfalme alimvika mavazi ya vita, chapeo na deraya. Akajaribu kutembea akashindwa, akayavua. Alichukua kombeo na mawe ya kijito, vitu alivyovijua tangu alipokuwa mtoto akichunga kondoo wa baba yake. Wokovu wa Israeli siku ile ulipita katika mchezo wa mtoto wa machungani. Amosi alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu, na unabii wake una kapu la matunda, simba angurumaye na mchungaji anayeokota mabaki ya kondoo wake. Mungu alisema kupitia macho ya mfugaji wala hakuyabadilisha yawe ya mtu wa mjini.

Na Bwana wetu mwenyewe, mifano yake imetoka wapi? Chachu katika unga, taa juu ya kinara, kiraka kipya katika nguo kuukuu, watoto wanaochezeana filimbi sokoni na wenzao wamenuna, mwanamke anayefagia nyumba akitafuta shilingi. Hayo ni mambo ya kijiji, mambo aonayo mtoto aliyekaa karibu na mama yake jikoni. Mwana wa Mungu alikubali kuwa na utoto, na utoto wa Nazareti ukawa lugha ya Ufalme.

Pengine mtu atanikumbusha Paulo, aliyesema kwamba alipokuwa mtu mzima aliyaacha ya kitoto. Ni kweli. Lakini tazama sura aliyoyaandikia hayo, sura ya upendo. Anachoacha ni uchanga wa akili, ule wa kujivunia karama na kushindana. Hakuacha kuwa mtu wa Tarso. Alishona mahema mpaka uzee, kwa ufundi aliojifunza ujanani, na ufundi huo ulimlisha katika Injili.

Mikono ya watoto wetu

Kwa hiyo swali la mwanzo, kwamba picha hizi zinatufaa nini, lina jibu hata kwa yule ambaye hatatundika hata moja sebuleni kwake. Zinatufundisha kutazama mikono ya watoto wetu.

Watoto wa pwani yetu wanachonga ngalawa ndogo na kuzishindanisha maji yanapokupwa. Wanafanya magari ya makopo na waya. Wale wa Kilwa Kisiwani wanacheza karibu na Msikiti Mkuu na kuta za Husuni Kubwa, wanaona matao na mawe ya matumbawe yaliyochongwa na watu wa pwani hii karne nyingi zilizopita. Wapo wanaochora kwa mkaa kwenye kuta za jikoni, na tunawachapa. Sisemi ukuta uachwe uchafuliwe. Lakini baada ya kumwambia mtoto asichore ukutani, je, tumempa mahali pa kuchora?

Tazama kuta za vyumba vyetu vya Shule ya Jumapili. Picha nyingi zilizobandikwa pale zimechapwa mbali, zina kondoo wenye manyoya mazito tusiowafuga na milima yenye theluji tusiyoiona. Mtoto anajifunza bila kuambiwa kwamba habari za Mungu zilitokea kwa watu wengine. Mpe udongo wa mfinyanzi na umwambie afinyange mashua ya Petro, naye atafinyanga mashua ya Kilwa Kivinje, kwa sababu ndiyo anayoijua. Mwambie achore karamu ya Kana, atachora sufuria, mkeka na wapiga ngoma. Mwalimu asimsahihishe. Anayechora hivyo ameelewa kwamba Yesu alikuja mahali penye watu.

Na kama mmoja wao atachonga kitu chenye masikio makubwa kuliko kawaida, tusimnyang'anye kisu kwa hofu. Tumwulize kwanza huyu ni nani, anafanya nini, na kwa nini amecheka. Kisha, kama msimu ni wa mavuno, tumletee muhogo mwingine.